Jiwe, kiroba, zege au makucha: nanga ipi kwa mtumbwi mdogo wa Ziwa Victoria

Pita Igombe au Kayenze asubuhi, uchungulie ndani ya mitumbwi iliyovutwa ufukweni. Mingi utakuta ina jiwe lililofungwa kwa kipande cha wavu chakavu, na kamba ya buluu iliyoungwaungwa. Hakuna wa kumlaumu. Mwanza mawe ni ya bure, na maji yakiwa shwari jiwe linatosha kabisa. Shida inaanza mtu anapoamini kwamba jiwe lililomtosha alfajiri litamtosha pia saa tisa alasiri upepo ukiamka, au usiku injini ikigoma.

Ulinganisho huu ni kwa wenye mitumbwi ya mita 5 hadi 7, ya kasia au ya injini ndogo, wanaokaa sehemu moja kuvua kwa ndoano, kulinda nyavu au kusubiri dagaa wakusanyike kwenye taa. Msimamo wangu nautoa mapema: uzito unakusaidia kuvua, makucha na kamba ndefu vinakusaidia kurudi nyumbani. Anayetaka kimoja tu kifanye kazi zote mbili atajikuta amebeba kitu kizito kisichoshika.

Kilo za nchi kavu na kilo za majini

Kabla ya kununua chochote, elewa kwamba maji hubeba sehemu ya uzito wa kila kinachozama. Kitu chepesi kwa ukubwa wake hupoteza zaidi. Chukua kilo 10 za kila kimoja, zipimwe zikiwa kavu, kisha zitupe ziwani:

| Kitu (kilo 10 nchi kavu) | Uzito unaobaki majini |
|---|---|
| Risasi | karibu kilo 9.1 |
| Chuma | karibu kilo 8.7 |
| Jiwe gumu la Mwanza | karibu kilo 6.2 |
| Mchanga ndani ya kiroba | karibu kilo 6.2 |
| Zege | karibu kilo 5.8 |

Wengi hushangaa kwamba kiroba cha mchanga kinalingana na jiwe. Punje za mchanga ni mawe madogo tu, na nafasi zilizo kati yake hujaa maji ambayo hayana uzito yakiwa ndani ya maji. Tofauti utaiona wakati wa kuvuta: kiroba kikishatoka nje ya maji, kile kilichokuwa kilo 10 asubuhi sasa ni zaidi ya 12, kwa sababu unanyanyua na maji yaliyomo ndani.

Sasa weka upepo. Mtumbwi wa mita 6 ukiwa umeelekeza pua kwenye upepo, na watu wawili ndani, kwa hesabu ya haraka husukumwa kwa nguvu ya kilo 2 hivi upepo ukiwa wa kilomita 18 kwa saa. Upepo ukifika kilomita 36 kwa saa, nguvu haiongezeki maradufu, inakuwa mara nne: kilo 8. Ukifika kilomita 54 ni kilo 18, na hapo bado sijahesabu mawimbi yanavyoukurupua mtumbwi. Kitu kizito kisicho na makucha, kikiburuzwa juu ya mchanga au tope, hushika kwa karibu nusu ya uzito wake wa majini. Jiwe la kilo 20, ambalo majini ni kama kilo 12, linakushika kwa kilo 6. Linatosha upepo wa kwanza. Wa pili linaburuzika, na wa tatu ni kama hujatia nanga.

Nani atabeba jiwe la kilo 60 kwenye mtumbwi wa mita 6?

Chini kuna nini

Ghuba ya Mwanza kwa sehemu kubwa ni ya kina kifupi na katikati yake chini ni tope laini, jeusi, linalonata. Karibu na fukwe unapata mchanga. Ukisogelea visiwa na majabali, yale yale unayoyaona yamebebana juu ya maji yanaendelea hivyo hivyo chini, na kati yake kuna nyufa zinazomeza nanga. Maji yalipopanda sana mwaka 2020, sehemu nyingi za kando zilifunikwa pamoja na miti, mafunjo na hata kuta za watu, kwa hiyo pembeni siku hizi usidhani kuna mchanga mtupu.

Kama hujui, pima. Chukua uzito mdogo, upake sabuni ya mche chini yake, uushushe kwa kamba mpaka uguse, kisha uutoe. Punje za mchanga zitaganda kwenye sabuni, tope litaacha doa, na ikirudi safi yenye mikwaruzo ujue uko juu ya mwamba. Mabaharia wa zamani walifanya hivyo hivyo kwa mafuta ya wanyama. Hapo hapo unapata na kina, ukiwa umefunga vifundo kila mita mbili.

Jiwe

Faida zake zinajulikana: bure, halivunjiki, likipotea hulii. Kwa ndoano za mkono karibu na ufukwe, maji yakiwa na kina cha mita 4 au 5 na hakuna upepo, sina neno baya la kusema. Ila chagua lenye kiuno, si la duara, maana kamba ya jiwe la duara huteleza na siku moja utavuta kamba tupu. Wanaolivika wavu wa zamani wanafanya vizuri kuliko wanaolizungushia fundo.

Jiwe linaweza kupewa makucha bila senti moja. Funga miti miwili migumu iliyopishana kwa umbo la msalaba, weka jiwe juu ya makutano, kisha inua fimbo nne kutoka kwenye ncha za msalaba na uzifunge pamoja juu ya jiwe. Ncha za msalaba zinazojitokeza, zikichongwa, huzama kwenye tope na mchanga. Wavuvi wa Newfoundland huko Kanada walitumia nanga za namna hii kwa vizazi vingi wakiwa na chuma kidogo na mawe tele, hali inayofanana na yetu kabisa. Mti mkavu mwepesi haufai, tumia ule unaozama.

Kiroba cha mchanga

Hiki nakipenda kwa mtu anayekodi mtumbwi au anayepanda bodaboda na vifaa vyake kwenda ufukweni. Unabeba kiroba kitupu mfukoni, unakijaza kwenye maji, ukimaliza unamwaga. Hakitoboi mbao, hakikati mguu wa mtu gizani. Kwenye tope hukaa bapa na kushika vizuri kidogo kuliko jiwe la mviringo.

Kwenye mawe usikitumie: kikikwaruzwa mara mbili tatu kinachanika, na mchanga unamwagika bila wewe kujua, huku mtumbwi ukianza kuondoka polepole. Jua nalo hula nyuzi za kiroba, hivyo kilichokaa nje miezi kadhaa kivute kwa mikono kabla ya kukiamini. Tumia viwili, kimoja ndani ya kingine, usijaze zaidi ya theluthi mbili, na funga kamba kwenye shingo iliyokunjwa mara mbili.

Wa dagaa wanaoweka taa juu ya maelea hawahitaji hata kiroba. Chupa ya plastiki ya lita moja na nusu iliyojazwa mchanga mkavu inatoa karibu kilo moja tu ya kweli majini, na inatosha kushika taa moja mahali pake usiku wa utulivu.

Zege

Hapa ndipo naona watu wanapoteza saruji bure. Wanachukua ndoo ya lita 10, wanaijaza, wanachomeka pete katikati, na wanajikuta na dude la kilo 24 ambalo vijana wawili wanalinyanyua wakigombana. Nalo kwa sababu ni refu na jembamba huanguka ubavu na kubingirika kama pipa kila mtumbwi ukivutwa.

Ukitaka uzito wa zege ulio na akili, mimina bapa. Tafuta karai la zamani au beseni pana, tandika nailoni ndani ili zege lisigande, na umimine lita 4 tu. Utapata karibu kilo 9 na nusu. Mchanganyiko wa kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga na vitatu vya kokoto ndogo unafaa, maji yawe machache: likimiminika kama uji litakuwa dhaifu. Pete itengeneze kwa nondo ya milimita 10 iliyokunjwa kama herufi U, miguu yake ikunjwe nje ndani ya zege ili isichomoke. Kisha, na hili ndilo linalorukwa, limwagie maji au lifunike kwa gunia bichi kwa siku 7. Nguvu yake linazipata kwa wiki nne hivi. Zege lililoanikwa juani siku ya kwanza hupasuka pembeni ya pete, na ufa ule ule ndio utakaolimaliza.

Umbo la karai linakaa juu ya tope kwa upana na kunyonywa nalo. Hiyo nguvu ya kunyonya ndiyo faida kubwa ya kitu bapa kwenye tope, na pia ndiyo itakayokuumiza mgongo wakati wa kung'oa. Usivute moja kwa moja. Sogeza mtumbwi mpaka kamba iwe wima, ikaze, ifunge, kisha subiri mawimbi yaipandishe pua mara kadhaa: tope huachia lenyewe. Ukilifikisha karibu na uso wa maji lisukesuke hapo hapo mpaka lisafike, la sivyo ndani ya mtumbwi kutakuwa na utelezi na harufu ya kinamasi mpaka jioni.

Kwa wanaovua tope tupu, kuanzia Nyegezi kuelekea kusini mwa ghuba, chaguo langu la bei ndogo ni hili karai la zege likiongezwa vipande vinne vya nondo ya milimita 12 vinavyojitokeza sentimita 12 hivi kwa pembeni, vikiinama kidogo kuelekea chini. Vikizidi hapo vitaanza kutoboa mbao na kunasa nyavu.

Chuma chakavu

Gia ya lori, diski ya breki, kipande cha reli. Kwa uzito wa majini hakuna cha bei ndogo kinachovishinda, na diski ya breki kwa kuwa ni bapa hukaa vizuri. Kagua ncha kali zinazokata kamba, na safisha grisi na oili kwanza kwa sababu maji hayo hayo tunayanywa. Zaidi ya hapo ni jiwe lenye heshima.

Makucha ya nondo

Sasa tunaingia kwenye nanga yenyewe. Fundi yeyote wa kuchomelea anaijua: kipande cha bomba la chuma cha sentimita 40, nondo nne zimechomelewa kuzunguka mwisho wake, kila moja imekunjwa kurudi juu kama ndoano, na pete upande wa pili. Angalia fundi anavyokunja. Akipasha nondo moto mpaka nyekundu na kuikunja taratibu kwenye bomba nene, mkunjo unatoka mviringo bila nyufa. Akiigonga baridi kwenye ukingo wa chuma, tazama upande wa nje wa mkunjo: ukiona mistari midogo, ukucha huo utakatika pale pale. Na mwambie achomelee pande zote mbili za kila nondo. Doa moja moja ni la kukuonyesha tu dukani.

Unene wa nondo unategemea unakotupa. Kwenye mchanga na tope gumu taka nondo ya milimita 12 isiyokunjuka. Kwenye mawe fanya kinyume: tumia ya milimita 8 au 10, iliyo laini, kwa makusudi. Ikikwama kwenye ufa, unafunga kamba mbele ya mtumbwi, unavuta taratibu kwa injini, makucha yananyooka na nanga inatoka. Ufukweni unayakunja tena kwa bomba. Nanga ngumu mno kwenye mawe ni zawadi kwa samaki.

Udhaifu wake ni kwenye tope laini la katikati ya ghuba: makucha membamba hulikata kama uma na kupita. Mengine yako wazi: makucha yanashika wavu wa jirani, yanashika mafunjo, na gugumaji likielea likagota kwenye kamba mzigo unakuwa mkubwa kuliko mtumbwi wenyewe. Hapo unang'oa mapema, usisubiri.

Nanga yenyewe ni nyepesi, nondo ya milimita 10 haifiki kilo moja kwa mita. Jaza bomba zege au ongeza mnyororo, la sivyo italala juu bila kuzama.

Za dukani

Zile za makucha yanayokunjwa, za kilo 1.5 hadi 3 hivi, ni nzuri kwa kuhifadhi na mbovu kwa kazi: makucha yake ni mafupi. Kwa kayaki sawa. Kwa mtumbwi wenye injini na watu watatu sikushauri.

Nanga ya mabapa mawili makubwa yanayocheza kwenye ekseli, aina ya Danforth, ni jambo jingine. Ya kilo 4 tu, ikivutwa kwa ulalo kwenye mchanga au tope zito, hujichimbia na kushika mara nyingi kuliko uzito wake. Kwa fedha inayotoka, ndiyo inayokushika kuliko zote kwenye mchanga, lakini juu ya mawe hucheza ngoma na haishiki kitu. Ipo pia ya umbo la jembe, aliyoibuni mwanafizikia Mwingereza Geoffrey Ingram Taylor mwaka 1933, ambayo mtumbwi ukigeuka na upepo nayo hugeuka bila kung'oka. Ni nzuri, ila kwa mtumbwi wetu bei yake haina sababu.

Ukimpa fundi kazi ya kuiga Danforth kwa bati la milimita 4, jambo moja lisimpite: mabapa yafunguke karibu nyuzi 30 kutoka kwenye mhimili. Yakifunguka sana hayachimbi, yakifunguka kidogo yanateleza. Nyingi zilizoigwa nilizoziona zimefunguliwa kama mbawa za kuku.

Kamba ndiyo nusu ya nanga

Hata makucha mazuri yakivutwa kwenda juu yanang'oka. Yanahitaji kuvutwa kwa ulalo, na ulalo unatokana na urefu. Kwenye maji ya mita 8, ukijumlisha na kimo cha pua ya mtumbwi, toa mita 25 ukiwa umekaa kuvua kwenye utulivu, mita 40 na kidogo upepo ukianza, na 60 ukitaka kulala. Kwa uzito mtupu hesabu hii haina maana kubwa, ndiyo maana wenye mawe hubeba kamba fupi, na ndiyo maana siku wakinunua nanga ya makucha wanalalamika haishiki. Kamba ni ile ile ya jiwe.

Mita 2 za mnyororo wa milimita 8 kati ya nanga na kamba, karibu kilo 3, zinalaza mvuto chini na kuzuia mawe yasikate kamba. Fedha hiyo inafanya kazi kuliko kuongeza kilo 3 kwenye nanga.

Dukani kila kamba inaitwa nailoni. Kata kipande, kitie kwenye ndoo ya maji. Kinachoelea ni polipropilini: rahisi, lakini jua huila na ikilegea huelea juu na kuzungushwa na propela. Inayozama na kuvutika ukiipima kwa mikono ndiyo nailoni yenyewe, nayo hupunguza mshtuko wa wimbi. Katani ni yetu na inashika fundo vizuri, ila ukiihifadhi mbichi inaoza kutoka ndani huku nje ikionekana nzima.

Kwenye mawe ifanye kamba yako iwe ya kung'olea. Ifunge kamba kuu kwenye kitako, makucha yanapokutana, kisha ipandishe hadi kwenye pete na uibane hapo kwa uzi dhaifu. Siku ya kawaida uzi unashika. Ikikwama unavuta kwa nguvu, uzi unakatika, na nanga inatolewa kinyumenyume. Uzi huo lakini usiuamini ukilala.

Na funga kwenye omo, mbele, daima. Mtumbwi uliofungwa nanga tezini, kwenye injini, hugeuzia mawimbi upande wake wa chini na kujaa maji. Kisu kiwe karibu na kamba.

Kwa hiyo ubebe nini

Anayevua kwa kasia karibu na ufukwe, kiroba au jiwe lenye kiuno, na mita 30 za kamba. Mwenye injini anayeshinda kwenye tope la ghuba, karai la zege lenye vipande vya nondo, pamoja na nanga ya mabapa pembeni kwa ajili ya upepo. Anayezunguka visiwa vyenye majabali, makucha laini ya nondo na kamba ya kung'olea, pamoja na uzito mdogo wa kuvulia. Miezi ya Juni hadi Agosti, upepo wa kusini mashariki ukiwa na nguvu, ningetanguliza kununua kamba na mnyororo kabla ya nanga yoyote mpya.

Anayetoka kwenda maji makuu hana nanga kwenye orodha hii. Ziwa lina wastani wa kina cha mita 40, na penye kina zaidi hukaribia 80, hivyo kamba ya kushika kwa makucha ingehitaji kuwa mita 200 au zaidi. Usiku upepo wa nchi kavu humsukuma mbali na ufukwe, na injini ikizima hakuna jiwe litakalomsimamisha. Abebe turubai la mita moja na nusu kila upande, pembe nne zifungwe kamba zinazokutana kwenye kamba moja ya mita 30, na kizito kidogo kwenye pembe moja ili lisielee. Likitupwa kutoka omo hujaa maji, hupunguza mwendo wa kusukumwa, na kuuelekeza mtumbwi pua kwenye wimbi, hapo watu wakiwa wamevaa majaketi okozi wanapata muda wa kushughulika na injini au kupiga simu.